Amri Iliyokosa Neno Moja: Historia ya Lugha ya Swichi na Rauta

Miaka kadhaa iliyopita niliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu katika chuo fulani. Sikuomba. Aliyeniteua alidhani, bila shaka, kwamba mwalimu wa isimu hana shughuli nyingi. Aliyeletwa mbele yetu alikuwa kijana fundi wa mitandao, mwajiriwa wa kandarasi ya mwaka mmoja. Jumatatu asubuhi, tena wiki ya usajili wa wanafunzi, alikuwa ameketi ofisini mwake akiiandikia amri swichi iliyokuwa katika jengo jingine. Alipobonyeza kitufe cha mwisho, majengo matatu yakapoteza mtandao. Foleni ya wanafunzi waliokuja kulipa karo ikatoka nje hadi kwenye maegesho ya magari, na simu za idara ya fedha zikaanza kulia. Ilichukua zaidi ya saa mbili mambo kurudi kama yalivyokuwa.

Mwenyekiti alimsomea ripoti ndefu. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nikataka kuiona sentensi yenyewe. “Hebu tuandikie ulichoiambia hiyo mashine,” nikamwambia. Akaomba kalamu. “Prof, ni mstari mmoja tu,” akasema, kisha akaandika: switchport trunk allowed vlan 30. Nikamuuliza alipaswa kuandika nini. Akaishika kalamu tena, akachora kijishale kabla ya ile 30, na juu ya kijishale akaingiza neno la herufi tatu: add. Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yote.

Kamati iliamua kuwa ule ulikuwa uzembe. Nami nilitia sahihi pamoja na wenzangu. Kandarasi ya kijana haikuongezwa.

Neno lile la herufi tatu lilinifuata nyumbani. Ukiitafsiri sentensi ya kwanza kwa Kiswahili cha kawaida, utapata kitu kama “ruhusu mtaa wa 30 kupita hapa”. Ya pili ni “ongeza mtaa wa 30 kwa inayoruhusiwa kupita hapa”. Nasema “mtaa” kwa sababu swichi moja huweza kugawa mtandao wa chuo katika mitaa isiyoonana: wa walimu, wa wanafunzi, wa fedha, na kila mmoja hupewa nambari yake. Sasa mwambie bawabu wa langoni: “Waruhusu wageni wa nyumba nambari 30.” Bawabu mwenye akili zake ataendelea kuwafungulia wa nyumba 10 na 20, kama alivyofanya jana na juzi, kisha atawafungulia na wa 30. Swichi ile haikufanya hivyo. Iliichukua orodha mpya, yenye nambari moja tu, ikaitupa ya zamani. Mitaa mingine yote ikafungiwa nje, ukiwemo ule ambao kijana mwenyewe aliutumia kuifikia swichi. Alijifungia nje na ufunguo ukabaki ndani. Ilimbidi akimbie hadi jengo lile, atafute aliye na funguo za chumba cha mitambo, kisha aiunganishe tarakilishi yake na swichi kwa waya ili aseme nayo ana kwa ana.

Nilinunua swichi kuukuu Luthuli Avenue na kuiweka mezani. Mke wangu akauliza kama ni redio. Likizo nzima nikajifunza kuiamrisha, nikisaidiwa na mpwa wangu, na niliyoyakuta humo hayakuwa yale niliyoyatarajia. Nilidhani nitakuta Kiingereza cha mafundi. Nikakuta lugha kamili, yenye sarufi yake, vifupisho vyake, lahaja zake, hata ugomvi wake wa mahakamani kuhusu nani anayeimiliki. Isitoshe, kila jambo la ajabu katika lugha hiyo lina historia yake, nayo ndiyo ninayotaka kuisimulia leo.

Kwanza niviweke wazi vifaa vyenyewe. Swichi ni kisanduku chenye matundu mengi ya nyaya. Kila kifaa kinachounganishwa nacho kina anwani iliyotiwa kiwandani, na swichi hukaa ikisikiliza: anwani hii imesema kupitia tundu la 4, ile kupitia tundu la 9. Baada ya muda mfupi inamjua kila jirani na mlango wake. Rauta hufanya kazi ya mbali zaidi. Yenyewe haijui majirani tu, inajua njia za kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kama karani wa posta asiyekujua kwa jina lakini anajua barua ya Kisumu ipakiwe gari gani. Vyote viwili huletwa kutoka kiwandani vikiwa na maarifa haba sana ya mahali vitakapokaa. Lazima mtu avisanidi, yaani avipangie mambo, na kwa muda mrefu njia ya kufanya hivyo imekuwa moja: kuandika amri, mstari baada ya mstari, bila picha wala kipanya.

Kwa nini mistari? Tunaanza na kelele. Mwaka 1963 kampuni ya Teletype ilitoa mashine iliyoitwa Model 33, iliyofanana na taipureta nzito, ambayo ilichapa herufi kumi kwa sekunde kwenye karatasi. Haikuundiwa tarakilishi hasa, lakini wataalamu wengi wa tarakilishi wa miaka ile waliifanya mdomo na sikio la mitambo yao. Ukiandika neno refu unaumia vidole, na ukijibiwa kwa maneno marefu unasubiri. Kwa hiyo watu wakawa wachoyo wa herufi. Katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo wa Unix mwaka 1969, amri zake zilipewa majina ya herufi mbili mbili: ls, cp, mv. Upo hata mwito wa mfumo unaoitwa creat, usio na ile e ya mwisho. Thompson alipoulizwa baadaye angebadilisha nini kama angeuunda mfumo huo upya, alijibu kwamba angeirudisha hiyo e.

Mashine za teletaipu zimeshakwenda, lakini jina lao limebaki mle ndani kama jina la marehemu kwenye hati ya shamba. Fundi wa Nairobi anayeifikia rauta kutoka mbali leo hupitia milango inayoitwa vty, na ile ty ni teletaipu. Nilipomuuliza mpwa wangu maana yake, alisema: “Mjomba, hiyo huandikwa tu.”

Hatua ya pili ni ya usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969. Kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, ilikuwa imeunda mitambo mikubwa ya kuunganisha tarakilishi za vyuo kwa ajili ya mtandao wa ARPANET. Mitambo hiyo ndiyo babu wa rauta. Usiku ule mwanafunzi Charley Kline, akiwa katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alijaribu kuingia katika tarakilishi ya taasisi ya utafiti ya SRI, iliyokuwa mamia ya kilomita kaskazini, ambako Bill Duvall alikuwa akisubiri. Alitaka kuandika LOGIN. Zikafika L na O. Kisha mfumo ukaanguka.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha neno la kwanza la intaneti. Mimi kinanivutia kwa sababu nyingine. Neno la kwanza halikuwa salamu. Lilikuwa amri. Tena, kwa maelezo ya wahusika wenyewe, mtambo wa upande wa pili ulianguka kwa sababu ulikuwa na ujuzi wa ziada: ulipopokea LOG uliitambua amri inayokusudiwa, ukajitahidi kummalizia mwandishi kwa kumrudishia herufi zilizobaki kwa pamoja, na programu iliyokuwa katikati ilikuwa imeandaliwa kupokea herufi moja moja. Kwa ufupi, mashine iliyotaka kummalizia mtu sentensi yake ndiyo iliyoharibu mazungumzo. Sote tunao jamaa wa namna hiyo.

Hata hivyo tabia ile haikuachwa, iliboreshwa. BBN hao hao waliunda mfumo wa tarakilishi ulioitwa TENEX, ambao baadaye kampuni ya DEC iliuendeleza ukawa TOPS-20. Humo mtu aliweza kuandika mwanzo wa amri tu, akabonyeza kitufe kimoja, na mfumo ukammalizia. Akisahau neno linalofuata aliweka alama ya kiulizi, na mfumo ukamwonyesha maneno yote yanayokubalika mahali pale. Fikiria kamusi inayokufungukia kwenye ukurasa unaohitaji, katikati ya sentensi unayoiandika.

Mifumo hii ilitumika sana katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, na hapo ndipo hadithi yetu inapojikita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chuo hicho kilikuwa na tarakilishi za aina nyingi zisizoelewana. William Yeager, aliyefanya kazi upande wa shule ya utabibu, aliandika programu ya kuziunganisha. Andy Bechtolsheim, mwanafunzi wa uzamifu, alikuwa amebuni bodi ya kielektroniki ambayo juu yake programu hiyo ilifanya kazi. Katika idara ya sayansi ya tarakilishi alikuwako Leonard Bosack, na katika shule ya biashara alikuwako mkewe, Sandy Lerner, kila mmoja akisimamia mitambo ya upande wake. Mwaka 1984 wawili hao walianzisha kampuni, wakaiita Cisco kwa kukata mwisho wa jina la San Francisco. Husimuliwa kwamba walibuni rauta ili waandikiane barua za mapenzi kutoka idara moja hadi nyingine. Hadithi tamu, lakini inampunja Yeager. Chuo chenyewe hakikufurahi kuona kazi yake ikigeuzwa bidhaa, na mwaka 1987 ilibidi kampuni ipewe leseni rasmi ya programu na bodi zile.

Basi amri za rauta za Cisco zilibuniwa na watu waliolelewa na TOPS-20, na mtoto humjui babake? Andika mwanzo wa neno, yatosha maadamu hakuna neno jingine linaloanza hivyo. Weka kiulizi, unaonyeshwa. Amri ya kuingia mahali pa kusanidi ni configure terminal, lakini fundi yeyote utakayemtazama ataandika conf t, na kwa kinywa pia atasema “konfi ti”. Lile neno terminal, ambalo wanafunzi hulikariri bila kujua linafanya nini pale, ni kisukuku kingine: zamani ilibidi uiambie rauta kama maagizo yatatoka kwenye kibodi mbele yako, kwenye kumbukumbu yake, au kwenye tarakilishi nyingine mtandaoni.

Kuna na ngazi za adabu, kama ukumbini kwa wazee. Ukiingia tu, rauta hukuonyesha alama ya > na hukuruhusu kutazama. Ukisema enable na kutoa nywila, alama hugeuka # na sasa una mamlaka. Ukiingia kusanidi, kiambishi kingine huongezeka. Ukichagua tundu fulani, kingine tena. Alama hiyo iliyo mwanzoni mwa mstari hukuambia uko chumba gani cha nyumba, na amri iliyo halali sebuleni huenda isieleweke jikoni.

Jambo moja zaidi, na ndilo zito. Katika lugha hii amri hutekelezwa papo hapo. Hakuna rasimu. Ukibonyeza kitufe, limekwisha kuwa. Lakini pia halijahifadhiwa: mashine ikizimwa kabla hujaiagiza iandike kumbukumbu, inasahau yote na kurudi kwenye ya jana. Kuna usanidi unaotumika sasa na usanidi utakaoamka nao kesho, na ni kazi ya fundi kuvilinganisha. Kumbuka hili, nitalirudia.

Swichi ilikuja baadaye. Kampuni ndogo ya California iitwayo Kalpana, neno la Kihindi lenye maana ya ubunifu wa fikra, ambalo pia ni jina la mke wa mmoja wa waanzilishi wake, ilitoa swichi ya kwanza ya mtandao wa Ethernet mwaka 1990. Ilikuwa na matundu saba. Kabla yake, visanduku vilivyounganisha tarakilishi ofisini vilifanya kama mpiga mbiu: kila neno lilitangaziwa kila mtu, na asiyehusika akategemewa kupuuza.

Hapa kwetu umuhimu wa kisanduku hiki ulidhihirika kwa njia ya kuchukiza kidogo. Mwaka 2000 barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi hadi kwa nyingine ya Nairobi iliweza kupanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi tena kwa setilaiti, na gharama ya safari yote ililipwa kwa dola. Kampuni hizo zikakubaliana kukutanishia mawasiliano yao mahali pamoja jijini, na mahali hapo kiini chake si kingine bali ni swichi. Ndiyo KIXP. Ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo, na baada ya wiki mbili hivi ikafungwa kwa agizo la Tume ya Mawasiliano, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya kwamba haki zake za pekee zimekiukwa. Haikufunguliwa tena hadi mwaka 2002. Hii ni amri ya kuzima isiyoandikwa kwenye kibodi, na iliyochukua zaidi ya mwaka kutanguliwa.

Turudi kwenye lahaja. Mwaka 1993 Cisco ilinunua kampuni ya Crescendo, iliyounda swichi, na mwaka uliofuata ikainunua Kalpana. Swichi zilizotokana na Crescendo zilikuja na lugha yao. Kwao kila agizo lilianza na set, na kufuta kulikuwa clear. Kwenye rauta za kampuni hiyo hiyo hakukuwa na set, na kufuta kulifanywa kwa kuweka neno no mbele ya amri ileile uliyoitoa awali. Kwa miaka mingi fundi wa kampuni moja alilazimika kujua lahaja mbili, kama Mkenya anayeuliza bei Kongowea kwa lahaja moja na Gikomba kwa nyingine. Hatimaye lahaja ya rauta ilishinda.

Nje ya kampuni hiyo, Juniper ilianzishwa mwaka 1996 na kuleta lugha ya tatu. Nayo husema set, lakini huyaweka maagizo yako pembeni kama rasimu hadi useme commit. Ukitaka unaweza kuiambia ithibitishe kwa muda tu: usipoirudia na kuikubali baada ya dakika kumi, inayafuta yote na kurudi ilipokuwa. Na hapa ndipo niliposimama nikaacha kuandika, likizo ile. Katika lugha hiyo ukitaja mtaa wa 30 kwenye tundu lenye mitaa ya 10 na 20, unaongezwa. Hutupi chochote. Ukitaka kutupa, unasema.

Sentensi ile ile ya kijana, nia ile ile, kifaa cha kazi ile ile. Katika lugha moja ni nyongeza, katika nyingine ni maangamizi. Kosa alilolifanya halikuwa la asiyejua mitandao. Lilikuwa la mtu aliyeifikiria mashine kama bawabu, na wapo wahandisi waliounda mashine inayofikiri kama bawabu, ila yeye hakuwa ameketi mbele ya hiyo. Nasikitika kwamba katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyelipwa mshahara kwa kujua kwamba maana haiko katika maneno tu, iko pia katika kile ambacho wanaozungumza wamekubaliana kukichukulia kuwa kimeshasemwa. Na sikusema.

Nani mwenye lugha hii? Swali hilo limefika mahakamani, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 2003 Cisco iliishtaki Huawei ya Uchina, na miongoni mwa madai yake ni kwamba amri zake zimenakiliwa. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata. Leo fundi anayetumia vifaa vya Huawei, na wako wengi humu nchini, huandika display pale mwenzake anapoandika show, na undo pale mwenzake anapoandika no. Kisha mwaka 2014 Cisco ikaishtaki Arista, ikidai mamia ya amri zake zimechukuliwa kama zilivyo. Mmoja wa waanzilishi wa Arista ni Andy Bechtolsheim, yule yule ambaye bodi yake ndiyo iliyobeba rauta za mwanzo za Stanford. Dunia ya mafundi ni ndogo kuliko kijiji. Mwezi wa Desemba 2016 raia walioketi kuamua kesi hiyo waliona kwamba amri zimenakiliwa, lakini wakakubali hoja ya Arista kwamba maneno ya aina ile hayakwepeki katika kazi hiyo, hivyo hakuna fidia. Kampuni hizo zilipatana mwaka 2018, Arista ikalipa dola milioni 400 kumaliza migogoro yao, iliyojumuisha pia kesi za hataza. Mtu wa lugha akisoma haya lazima atabasamu. Neno “onyesha” lina mwenyewe?

Sasa nije kwenye Kiswahili, maana najua wapo wasomaji wanaosubiri niulize kwa nini tusizitafsiri amri hizi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, na baada yao yamefuata mengi. Lakini menyu ni za watumiaji. Lugha ya wanaojenga mtandao haikuguswa, nami sidhani tuiguse. Ukiita show “onyesha”, no “ondoa” na add “ongeza”, yote matatu yanaanza na on, na ule uhondo wa kuandika herufi mbili umekwisha. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba fundi wa Eldoret aliyefunzwa amri za Kiswahili hatasoma mwongozo wa kifaa atakachokikuta kazini.

Ninachokitaka ni kingine. Tumetumia miaka mingi kubishana kama chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Yote ni nomino. Vitenzi vya kazi hiyo hatukuvigusa, na ndimo wanafunzi wanamoumia. Chukua ile no. Kila mwanafunzi niliyemuuliza alinitafsiria no shutdown kuwa “usizime”. Siyo. “Usizime” ni katazo, na hukatazwa kitu ambacho bado hakijafanyika. No ya rauta haikatazi, inaondoa agizo lililokwisha kutolewa. Matundu ya rauta hizi kwa kawaida hutoka kiwandani yakiwa yamezimwa kwa agizo lililoandikwa tayari. Ukiandika no shutdown unaliondoa hilo agizo, na tundu linawaka.

Na Kiswahili kina mahali pa kuweka maana hiyo kuliko hata Kiingereza kilichoizaa. Tunayo kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Hatusemi “usifunge mlango” tunapotaka ufunguliwe. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wa teknolojia somo la saa moja kwa mwaliko wa mwenzangu, nikawaambia kila mtakapoona no, msisome “si”, someni “tendua”. Mmoja akauliza, “Kwa hivyo no shutdown ni kuzimua?” Darasa likacheka sana, maana sote tunajua kuzimua ni kazi ya Jumapili asubuhi. Lakini alikuwa ameelewa. Kwa neno la heshima zaidi ningependekeza “tangua”, tulilonalo tangu zamani kwa ndoa na saumu. Baada ya hapo sikuona mmoja wao akishangaa kwa nini amri ya kufuta huirudia amri ya awali: huwezi kutangua usilolitaja.

Kuhusu add niliwachukua hadi langoni, wakasimama mbele ya bawabu, nikamwomba awaeleze angefanya nini akiambiwa awaruhusu wa nyumba 30. Mzee yule alijibu bila kusita, “Si ni pamoja na wale wengine?” Nikawarudisha darasani wakaandike amri.

Yule kijana nilimtafuta. Nambari yake ya simu ilikuwa bado ile ile. Nilimweleza niliyoyagundua, nikamwambia kwamba nilitia sahihi kabla ya kuelewa, na kwamba hilo lilikuwa kosa langu, si la kamati. Alikaa kimya kidogo. Kisha akacheka, akasema, “Ah, Prof, hayo yalipita.” Yuko na kampuni nyingine sasa, anasimamia vifaa vya miji mitatu, vingine vya Cisco, vingine vya Huawei. Nikamuuliza kama bado anaandika amri akiwa mbali na swichi. Kila siku, alisema. Ila sasa, kabla ya kugusa chochote, huandika kwanza reload in 10. Anaiagiza mashine ijizime na kuwaka tena baada ya dakika kumi. Akijifungia nje, hakimbii popote. Anangoja, mashine inaamka na usanidi wa jana, na mlango uko wazi. Akiona mambo yako sawa, huandika reload cancel, ndipo anahifadhi.

“Na ukisahau kuandika hiyo cancel?” nikamuuliza.

“Nimeshasahau mara mbili,” akasema.